Tanuru Halijafungwa Mpaka Lipimwe

Mhadhara uliotolewa Minneapolis, Minnesota, mbele ya wanafunzi wa ufundi na wenye nyumba wanaozungumza Kiswahili

 

Nina neno moja la kusema, na mengine yote yatakuwa ni kulifafanua. Tanuru linalotoa hewa ya moto si lazima liwe tanuru lililofungwa vizuri. Fundi anaweza kuunga gesi, umeme na mabati, akawasha, joto likapanda vyumbani, mwenye nyumba akafurahi na kutia sahihi, na kazi ikawa bado nusu. Nusu ya pili ni kupima: gesi inayoungua ni kiasi gani, hewa inayopita ni kiasi gani, moshi unaotoka una nini ndani yake. Hiyo ndiyo nusu inayorukwa, maana haionekani kwa macho, na inadaiwa saa ambayo fundi amechoka na nyumba nyingine inamsubiri. Nimefungua matanuru mengi yaliyokufa kabla ya wakati wake, na mengi hayakufa kwa ubovu wa kiwandani. Yalianza kufa siku yalipofungwa.

Tuitazame mashine yenyewe. Ndani ya tanuru la gesi mna hewa mbili, na ufundi wote umejengwa juu ya sharti moja, kwamba zisikutane. Hewa ya kwanza ni ya moto. Inaingia kwenye vichomeo, inaungua pamoja na gesi, inapita ndani ya mirija ya chuma, kisha feni ndogo inaisukuma nje ya nyumba. Hewa ya pili ni ile tunayoivuta puani. Feni kubwa inaivuta kutoka vyumbani, inaipitisha kwenye kichujio, inaipuliza juu ya mirija ile ile kwa upande wa nje, nayo ikishapata joto inarudi vyumbani kupitia dakti, yaani mifereji ya kupitishia hewa. Kati ya hewa hizo mbili hakuna ila ukuta mwembamba wa chuma, ambao mafundi wanauita kibadili joto.

Wengi wetu tumetoka kwenye baridi ya namna yake: Makete, Lushoto, Limuru, milima ya Kivu. Huko hakuna asiyejua habari za jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku, mlango ukafungwa na madirisha yakazibwa, na asubuhi watu wakakutwa hawana uhai. Kinachoua ni hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni na kuinyima nafasi. Tanuru la gesi linaweza kuitoa hewa hiyo hiyo likiwashwa vibaya. Uhai wa waliolala juu yake unategemea ukuta ule mwembamba, bomba la moshi, na fundi aliyehakikisha kwamba moshi unakwenda unakotakiwa kwenda. Ndiyo maana sikubali kuiita kazi hii kazi ya mabati.

Mji huu una sehemu yake katika historia ya mashine hii. Mwaka 1885, hapa hapa Minneapolis, mhamiaji kutoka Uswisi aitwaye Albert Butz alibuni kifaa cha kufungua na kufunga mlango wa hewa wa tanuru la makaa kufuatana na joto la chumbani, ili mtu asishuke ngazi kila mara kuchochea moto. Kampuni iliyoanzia hapo ndiyo baadaye ilikuja kujulikana kama Honeywell. Kisha tarehe 23 Desemba 1919 mwanamke Mweusi wa Morristown, New Jersey, Alice Parker, alipewa hataza ya Marekani kwa mchoro wa tanuru la gesi lenye njia za kupeleka hewa moto vyumba mbalimbali, kila njia ikidhibitiwa peke yake. Mchoro wake haukutengenezwa kama ulivyokuwa, lakini yale aliyoyafikiri, kutumia gesi badala ya makaa na kugawa joto chumba kwa chumba, ndiyo tunayoyafanya leo. Vijana mlioko hapa, hasa mabinti, litunzeni jina hilo.

Sasa niingie kwenye kazi. Kosa la kwanza hufanyika kabla hata gari la mizigo halijafika, nalo ni kuchagua ukubwa. Desturi mbaya ni kusoma kibati cha tanuru la zamani na kuagiza jipya la namba ile ile, au kubwa zaidi ili baridi isirudi. Nyumba haiulizwi. Njia sahihi ni kupiga hesabu ya joto linalopotea kupitia kuta, madirisha, dari, sakafu na nyufa katika siku ya baridi kali. Kwa Minneapolis hesabu hiyo hufanywa kwa kudhani nje ni karibu nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri, na ndani ni nyuzi 21 au 22 juu yake. Utaratibu unaotumiwa Marekani unaitwa Manual J, umetolewa na chama cha wakandarasi kiitwacho ACCA. Baada yake kuna Manual S ya kuchagua mashine na Manual D ya kupima dakti. Fundi anayetaka kuheshimiwa asome zote tatu.

Niwape mfano nilioushughulikia. Familia moja iliyotoka Kivu ya Kusini ilinunua nyumba ndogo ya miaka ya 1950. Kila usiku wa baridi kali tanuru lao lilikuwa linazima, linawaka, linazima tena, na vyumba vya watoto vilibaki baridi. Waliambiwa mashine ni ndogo. Wakalipa, wakawekewa kubwa zaidi, lenye kula BTU 100,000 kwa saa, BTU ikiwa ni kipimo cha joto, na hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Nilipofika nilipiga hesabu ya nyumba nikapata kwamba katika usiku mbaya kabisa ilihitaji chini ya BTU 45,000. Mashine haikuwa ndogo. Ilikuwa na moto zaidi ya mara mbili ya mahitaji, na njia ya kurudisha hewa ilikuwa moja tu, nyembamba, iliyojengwa kwa ajili ya feni ya zamani. Hewa haikutosha kulibeba joto lile. Kibadili joto kilichemka kupita kiasi, swichi ya usalama ikakata gesi, feni ikapoza, gesi ikarudi. Mchezo huo uliendelea usiku kucha, chuma kikipanuka na kusinyaa, na ndiyo njia ya haraka ya kukipasua.

Dawa yake ilikuwa kupunguza moto na kupanua njia ya hewa. Tuliweka tanuru la BTU 60,000, la aina inayofikia asilimia 95 ya ufanisi, tukaongeza njia ya pili ya kurudisha hewa kutoka kwenye korido ya vyumba vya kulala. Usiku wa baridi mashine sasa inawaka kwa muda mrefu, taratibu, bila kelele. Wenye nyumba wengi hushtuka wakisikia tanuru linafanya kazi muda mrefu wakidhani linakula gesi. Katika baridi kali hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe.

Hapo mmeona kwamba dakti si mapambo. Feni ya tanuru imetengenezwa kusukuma hewa dhidi ya ukinzani fulani, na kibati cha mashine nyingi za nyumbani kinataja nusu inchi ya maji, yaani presha inayoweza kuinua maji kwenye mrija kwa nusu inchi, sawa na paskali 125 hivi. Ni presha ndogo mno. Kona moja kali, kichujio kizito, dakti ya plastiki iliyokunjamana, vyote vinaila. Watu wananunua kichujio chenye alama ya MERV 13 chenye unene wa inchi moja kwa nia njema ya kulinda mapafu ya watoto, wakakiweka kwenye nafasi finyu, na feni ikawa kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija mwembamba. Ukitaka uchujaji wa kiwango hicho, tengeneza nafasi ya kichujio cha inchi 4 au 5, chenye eneo kubwa la kupitisha hewa.

Halafu kuna uvujaji. Energy Star, mpango wa serikali ya Marekani wa kuokoa nishati, unakadiria kwamba nyumba ya kawaida hupoteza asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita kwenye dakti kwa sababu ya matundu na viungo vibovu. Utepe wa kitambaa wa rangi ya kijivu, ambao watu wanauita utepe wa dakti, usiuweke kwenye dakti hata siku moja. Watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley waliujaribu mwishoni mwa miaka ya 1990 pamoja na aina nyingine za viziba, nao ulishindwa vibaya kwa sababu gundi yake haivumilii joto. Kaza viungo kwa skrubu za bati, kisha paka mastiki kwa brashi, au tumia utepe wa alumini wenye alama ya UL 181. Mastiki inachafua mikono na nguo, lakini inakaa.

Na tafadhali, njia ya kurudisha hewa isivute kutoka gereji, wala kutoka karibu na hita ya maji yenye moto wa wazi. Feni kubwa ina nguvu ya kugeuza moshi urudi nyuma. Nitalirudia hilo baada ya muda mfupi.

Gesi nitaipitia haraka, kwa kuwa kila chuo kinaifundisha vizuri. Weka vali ya kufungia karibu na mashine, mahali mkono unapofika bila kutambaa. Weka mtego wa uchafu kwenye bomba kabla ya kuingia mashineni. Jaribu kila kiungo kwa maji ya sabuni. Kama nyumba inatumia propeni, kama ilivyo mashambani nje ya mji, badilisha nozeli na springi ya vali kwa kutumia vifaa vya mtengenezaji wa mashine ile ile. Kuwasha propeni kwenye nozeli za gesi asilia ni kuwasha moto zaidi ya mara mbili ya uliokusudiwa.

Moshi unadai muda zaidi. Gesi asilia ikiungua hutoa maji. Kilo moja ya methani huzaa kilo mbili na robo za maji kama mvuke. Tanuru la zamani la ufanisi wa asilimia 80 huutupa mvuke huo nje ukiwa moto, kwenye bomba la chuma au ndani ya dohani ya matofali. Tanuru la asilimia 90 na zaidi lina kibadili joto cha pili kinachoupoza moshi mpaka mvuke unageuka maji, na joto lililokuwa limejificha ndani yake linabaki nyumbani. Ndiyo maana bomba lake la moshi linaweza kuwa la plastiki. Lakini maji hayo yana asidi, na lazima yatoke. Laza bomba la moshi kwa mteremko wa robo inchi kwa kila futi, likiinamia mashine, maji yarudi yasituame katikati. Jaza mtego wa maji kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Mrija wa kutolea maji usipite nje ukutani wala mahali pasipo na joto, kwa maana utaganda usiku ule ule unaouhitaji zaidi, maji yatapanda ndani ya mashine, swichi ya presha itafunguka na kukata moto, na nyumba itapoa. Na ncha za mabomba nje zikae angalau inchi 12 juu ya kimo ambacho theluji hufikia. Mwambie mwenye nyumba azitambue zilipo, na asirundike theluji mbele yake anapofagia njia.

Sasa lile nililosema nitalirudia. Nyumba nyingi za hapa zilikuwa na tanuru na hita ya maji zikitumia dohani moja ya matofali. Unapoliondoa tanuru la zamani na kutoboa ukuta kwa bomba la plastiki la jipya, hita ya maji inabaki peke yake chini ya dohani kubwa na baridi. Moshi wake ni kidogo, hauna nguvu ya kuipasha moto dohani nzima, na hushindwa kupanda. Kama hapo hapo feni ya jikoni inavuta hewa kutoka ndani, moshi unarudi chumbani. Fundi amefunga tanuru salama kabisa na ameiacha nyumba ikiwa ya hatari kuliko alivyoikuta. Hili linaniuma kuliko kosa lolote jingine katika kazi yetu, kwa sababu linamwangukia mtu aliyelipa ili apate usalama.

Dawa zipo: kuweka mrija wa chuma wenye kipimo sahihi ndani ya dohani, au kubadilisha hita iwe ya umeme, au ya aina yenye feni yake. Lakini kwanza jaribu. Funga madirisha na milango ya nje. Washa feni ya jikoni, za bafuni, mashine ya kukaushia nguo, na feni kubwa ya tanuru. Kisha fungulia maji ya moto mpaka hita iwake. Subiri dakika tano. Shika kioo kidogo kwenye ukingo wa kofia iliyo juu ya hita. Kioo kikifanya ukungu, moshi unamwagika chumbani. Usiondoke kwenye nyumba hiyo ukaacha hita inawaka.

Umeme nao una jambo ambalo wanafunzi hulidharau. Tanuru linajua kwamba moto umewaka kwa njia ya ajabu kidogo: mwali unapitisha umeme. Kifimbo cha chuma kimewekwa ndani ya mwali, bodi ya umeme ya tanuru inapeleka umeme kwake, na mkondo mdogo sana, wa maikroampea chache, unapita kwenye mwali hadi kwenye kichomeo na kurudi kwenye bodi kupitia chuma cha mashine na waya wa ardhi. Bodi isipouona mkondo huo, inafunga gesi baada ya sekunde chache. Kwa hiyo waya wa ardhi uliolegea, au waya wa moto na nyutro kubadilishana nafasi, unaweza kulifanya tanuru jipya liwake na kuzima mara tatu kisha lijifungie, huku gesi na vichomeo havina kasoro. Nimeona watu wakibadilisha bodi na vali ya gesi kwa mamia ya dola kumbe ni skrubu moja ya kijani, ile ya waya wa ardhi. Pima mkondo huo siku ya kwanza na uandike. Mwaka ujao ukishuka, utajua kifimbo kinahitaji kusafishwa kabla mashine haijawakosesha watu usingizi. Na kiwashio, kile kinachong'aa chekundu kabla ya gesi kufunguka, usikiguse kwa vidole. Mafuta ya ngozi hufupisha maisha yake.

Tumeunga kila kitu. Tuwashe, na tusimame mbele ya mashine kifuniko kikiwa wazi, tukiishikilia swichi ya mlango, tuone mpangilio. Thamostati inaomba joto. Feni ndogo inaanza kuzunguka. Swichi ya presha inajifunga, ushahidi kwamba moshi una njia. Kiwashio kinang'aa. Vali inafunguka kwa mlio mfupi. Mwali unaruka kutoka kichomeo cha kwanza hadi cha mwisho, wa bluu, umetulia. Baada ya nusu dakika au zaidi kidogo feni kubwa inaanza. Hapa mwali usitikisike. Ukiyumba feni inapoanza, hewa ya upande wa pili inapata mahali pa kupenya, na lazima utafute pa kupenyea kabla ya kuendelea.

Kisha chukua manometa, kifaa cha kupimia presha. Pima presha ya gesi kabla ya vali na baada yake. Kwa gesi asilia, baada ya vali, mashine nyingi zinataka inchi 3.5 za maji. Kwa propeni, inchi 10 hivi. Rekebisha kwa skrubu ya vali polepole, kisha rudisha kifuniko chake.

Lakini presha haikwambii yote, maana nozeli inaweza kuwa siyo yake. Nenda kwenye mita ya gesi. Zima jiko na hita ya maji, tanuru peke yake liwake. Tazama kisahani kidogo cha mita ambacho mshale wake ukizunguka mara moja ni futi moja ya ujazo, na uhesabu sekunde. Futi moja ya gesi ya hapa ina BTU 1,000 na kitu. Kampuni ya gesi hutaja namba kamili. Tuseme ni 1,030. Gawanya hiyo, mara 3,600, kwa sekunde ulizohesabu. Tanuru la BTU 60,000 litazungusha mshale kwa sekunde 62 hivi. Ukipata sekunde 54, linaunguza zaidi ya BTU 68,000 na unakichoma kibadili joto. Ukipata 75, mwenye nyumba hapati joto alilolinunua, na katika mashine yenye kibadili joto kimoja, ubaridi huo wa moshi utaleta maji na kutu mahali ambapo hapakutengenezwa kwa maji. Saa ya mkononi na macho mawili vinatosha kwa kipimo hiki, na bado ndicho kinachorukwa kuliko vyote.

Walio Denver na Aurora, ambako kuna ndugu zetu wengi, wakumbuke kwamba Denver iko meta 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na moto unatakiwa kupunguzwa. Fuata kitabu cha mtengenezaji kuhusu mwinuko, usitumie namba za Minneapolis.

Sasa hewa. Toboa tundu dogo kwenye dakti ya kurudisha na jingine kwenye dakti ya kupeleka, mbali kidogo na mashine, mahali ambapo kipimajoto hakikioni kibadili joto moja kwa moja. Kikikiona, mnururisho wa chuma utakudanganya. Acha tanuru liwake dakika kumi au kumi na tano. Tuseme linavuta hewa ya nyuzi 68 za Farenhaiti na kutoa ya 118. Limepandisha joto kwa nyuzi 50. Kibati cha mashine kinataja mpaka wake, labda 35 hadi 65. Uko katikati, vizuri. Ukizidi, hewa ni chache: chunguza kichujio, dakti, na mwendo wa feni. Ukipungua sana, hewa ni nyingi kupita moto ulionao. Kutokana na namba hiyo unaweza kukadiria hewa yenyewe. Joto linalotoka, BTU 57,000 kwa mashine yetu, ligawanye kwa 1.08 mara 50. Utapata karibu futi za ujazo 1,055 kwa dakika. Hiyo 1.08 ni ya hewa ya usawa wa bahari. Kwa Minneapolis inafaa, kwa Denver haifai.

Pima tena presha ya dakti, upande wa kuvuta na upande wa kusukuma, ujumlishe bila kujali alama ya kutoa. Ile nyumba ya familia niliyowatajia ilikuwa na inchi 0.9 kwenye mashine iliyoandikwa 0.5. Mtu yeyote mwenye manometa angeliona tatizo hilo kwa dakika kumi, siku ile ile ya kufunga.

Mwisho ingiza kifaa cha kuchunguza moshi kwenye bomba. Kwenye mashine nzuri kaboni monoksidi ndani ya moshi hukaa chini ya sehemu 100 kwa milioni, na haipandi mashine ikiendelea kuwaka. Kama inapanda dakika baada ya dakika, zima, tafuta sababu. Angalia pia oksijeni kwenye moshi kabla na baada ya feni kubwa kuanza. Ikiruka ghafla, shuku ufa.

Namba zote hizo ziandikeni kwenye karatasi, kwa wino usiofutika, mbandike ndani ya mlango wa tanuru: tarehe, presha ya gesi, sekunde za mita, joto la kuingia na kutoka, presha ya dakti, mkondo wa mwali, kaboni monoksidi. Wenye nyumba, mnayo haki ya kuidai karatasi hiyo kabla ya kumaliza malipo, na fundi mzuri hatakasirika. Atafurahi kupata mteja anayejua. Dai vilevile kibali cha mji. Kibali kinamleta mkaguzi, na mkaguzi ni jicho la pili ambalo mmeshalilipia.

Kabla fundi hajaondoka, akuonyeshe vitu vinne kwa mkono wako mwenyewe: vali ya kufungia gesi, swichi ya umeme ya tanuru, kichujio na mshale wake wa kuelekeza hewa, na ncha za mabomba nje. Kisha tazameni vifaa vya kutoa tahadhari ya kaboni monoksidi. Sheria ya Minnesota inataka kimoja ndani ya futi 10 za kila chumba cha kulala. Vigeuzeni nyuma msome tarehe. Vifaa hivyo huisha muda wake, na king'ora kilichopitwa na wakati kinaweza kunyamaza huku taa yake ya kijani ikiwaka. Na baridi ikiwazidi, umeme ukikatika, msiwashe jiko la mkaa ndani, wala jenereta kwenye gereji, hata mlango ukiwa wazi.

Nimepewa ruhusa ya kufungua tanuru la jengo hili. Lipo ngazi moja chini yetu, na sioni karatasi yoyote iliyobandikwa mlangoni mwake. Wanafunzi wenye manometa watangulie na mimi, mmoja aende kwenye mita na saa yake, na wazee wanaotaka kuona mwali wakaribie baada ya feni kubwa kuanza. Maswali tutayachukua huko huko.